VAT kwa biashara inayokua: makosa huanzia kwenye hesabu ya mauzo

"Na risiti au bila risiti?" Kila aliyewahi kununua bidhaa Kariakoo, Mwanjelwa au Soko Kuu la Arusha amewahi kuulizwa swali hilo. Akijibu bila risiti, anaambiwa Sh100,000. Akitaka risiti, bei inapanda hadi Sh118,000. Mteja anaondoka akiamini risiti inauzwa. Muuzaji naye, mara nyingi kuliko tunavyodhani, anaamini hivyo hivyo: kwamba VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni gharama ya kutoa risiti, na asiyetoa risiti hadaiwi.

Risiti ni bure. VAT inadaiwa au haidaiwi kutokana na nani anauza, anauza nini, na ameuza kiasi gani kwa mwaka. Duka dogo likiwa dogo, kutojua jambo hili hakuligharimu sana. Linapoanza kukua ndipo kosa moja la hesabu linaweza kumeza faida ya mwaka mzima.

Tuanze na majina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. TIN ni namba ya mlipakodi. Kila mfanyabiashara halali anayo. VRN ni namba ya usajili wa VAT, na anayo aliyesajiliwa VAT peke yake. Mashine ya EFD ndiyo inayotoa risiti, lakini kuwa na mashine si kuwa kwenye VAT. Duka lisilosajiliwa VAT linatoa risiti halali kabisa isiyo na hata shilingi moja ya VAT ndani yake, na mwenye duka hilo haruhusiwi kumwongezea mteja asilimia 18. Akiiongeza, amekusanya kodi asiyo na mamlaka ya kukusanya. Ritani ni taarifa ya mwezi ambayo aliyesajiliwa huiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, akionyesha aliuza nini, alinunua nini na kodi kiasi gani inabaki.

VAT yenyewe ilianza Julai 1, 1998 ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani. Ilianza kwa asilimia 20, ikashuka hadi 18 mwaka 2009. Siku hizi kuna watu wanaosema ni 16, na hawajakosea, ila wamesikia nusu ya habari: tangu Septemba 1, 2025, mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT akilipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki iliyokubaliwa, kiwango ni asilimia 16. Akilipa taslimu, au akiwa ni biashara iliyosajiliwa, ni 18. Zanzibar ina sheria yake, mamlaka yake na kiwango chake cha asilimia 15. Hapa tunazungumzia Tanzania Bara.

Pesa ya nani?

Mfikirie konda wa daladala. Jioni ana mfuko uliojaa nauli, lakini anajua fika kwamba zote si zake. Kuna hesabu ya tajiri, kuna mafuta, na kinachobaki ndicho chake. Konda anayetumia hesabu ya tajiri kulipia chakula cha nyumbani anajua asubuhi itakuwaje.

Aliyesajiliwa VAT ni konda wa serikali. Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi huu limenunua mzigo wa Sh10 milioni na kulipa juu yake VAT ya Sh1.8 milioni kwa msambazaji. Likauza mzigo huo kwa Sh13 milioni na kuongeza VAT ya Sh2.34 milioni. Tarehe ya kulipa ikifika, halilipi Sh2.34 milioni zote. Linatoa ile Sh1.8 milioni iliyokwisha kulipwa kwa msambazaji, linabakiwa na Sh540,000 za kupeleka TRA. Angalia vizuri: Sh540,000 ni asilimia 18 ya Sh3 milioni, yaani thamani ambayo duka limeiongeza. Ndiyo maana ya jina lake. Kodi yote imelipwa na mteja wa mwisho, na duka halijatoa senti mfukoni mwake, mradi mambo mawili yatimie: liwe limemtoza mteja VAT, na liwe na ushahidi wa VAT liliyolipa kwenye manunuzi. Karibu makosa yote yanatokana na kukosekana kwa moja ya hayo mawili.

Kizingiti ni mauzo

Kosa kubwa kuliko yote hutokea kabla mtu hajasajiliwa. Tangu Julai 1, 2023, anayepaswa kujisajili VAT ni yule ambaye mauzo yake yamefika Sh200 milioni kwa miezi 12, au Sh100 milioni kwa miezi sita. Kabla ya hapo kizingiti cha mwaka kilikuwa Sh100 milioni. Watu wengi wakisikia Sh200 milioni wanacheka: "Hizo mimi nitazipata wapi?" Wanafikiria faida. Sheria inaangalia mauzo ghafi, pesa yote iliyopita kaunta kabla hujatoa gharama hata moja.

Gawanya uone. Duka linalouza Sh650,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, linauza Sh16.9 milioni kwa mwezi na Sh202.8 milioni kwa mwaka. Limevuka. Katika soko la jumla, Sh650,000 kwa siku ni duka la kawaida ambalo faida yake huenda haifiki hata Sh50,000 kwa siku. Mwenye duka hajioni tajiri, hajioni mkubwa, na bado ameshavuka mstari bila kujua.

Miezi 12 hiyo pia si lazima iwe Januari hadi Desemba. Ni miezi 12 yoyote inayofuatana. Kwa hiyo hesabu inafanywa kila mwisho wa mwezi: jumlisha mwezi uliokwisha na 11 iliyotangulia, kisha angalia miezi sita ya mwisho peke yake. Daftari lenye safu mbili linatosha. Ukivuka, una siku 30 za kuomba usajili. Na usisubiri kuvuka kama tayari unaona unakoelekea: aliyesaini mkataba wa kusambaza samani za Sh250 milioni kwa mwaka unaoanza ana kila sababu ya kutarajia kuvuka, na sheria inamhesabu hivyo. Watoa huduma za kitaalamu, kama mawakili, wahasibu na wahandisi, hawana kizingiti kabisa. Wanasajiliwa hata kama mauzo yao ni madogo.

Kinachohesabiwa ni mauzo ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT. Anayeuza mahindi na maharage yasiyosindikwa kwa Sh500 milioni hajavuka chochote, kwa sababu mazao hayo yamesamehewa. Akifungua upande wa pili akauza sabuni na vinywaji, huo ndio wa kuuchunga.

Matawi yote yanayotumia TIN moja ni mtu mmoja. Duka la Mwanza na la Dodoma hujumlishwa. Wapo wanaoligawa duka moja kwa majina mawili, la mume na la mke, ilhali stoo, mtaji na namba ya malipo ni vilevile. Ushauri huo umezagaa sana mitaani na ni mbaya. Mkaguzi akikuta mzigo mmoja, mwajiri mmoja na akaunti moja, majina mawili hayamzuii kuona biashara moja.

Kwa nini kuchelewa kunauma hivyo? Tuseme duka lililopaswa kusajiliwa lilinunua mzigo kwa Sh11.8 milioni, VAT ikiwa ndani, na kuuuza kwa Sh13.6 milioni bila kufikiria kodi. Mwenye duka anahesabu faida ya Sh1.8 milioni. Hata mkaguzi akifanya hesabu ya upole na kuchukulia kwamba VAT imo ndani ya bei, anachukua Sh13.6 milioni, anazidisha kwa 18, anagawa kwa 118, na kupata Sh2,074,576. Deni limezidi faida, na adhabu na riba hazijaanza kuhesabiwa. Huwezi kuwarudia wateja wa mwaka jana ukawaambia wakuongezee. Na kama manunuzi yalifanywa kwa risiti zisizo na jina lako, au bila risiti kabisa, ile Sh1.8 milioni iliyomo kwenye Sh11.8 milioni hutaiona tena.

Bei: kuongeza 18 na kutoa 18 ni hesabu mbili tofauti

Bei kabla ya VAT ni Sh100,000. Ukiongeza asilimia 18 inakuwa Sh118,000. Hapo hakuna anayekosea. Wengi hukosea wakirudi nyuma. Wanachukua Sh118,000, wanapiga asilimia 18, wanapata Sh21,240 na kuipeleka. VAT iliyomo ni Sh18,000. Kanuni ni kuzidisha kwa 18 na kugawa kwa 118; kwa mauzo ya asilimia 16, zidisha kwa 16 na ugawe kwa 116. Sh3,240 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mauzo ya mwezi.

Kwenye mikataba na zabuni kosa hili ni kubwa zaidi. Ukiandika bei ya Sh50 milioni bila kusema neno lolote juu ya VAT, inachukuliwa kuwa VAT imo ndani. Umejipunguzia Sh7,627,119 kwa kukosa maneno mawili. Kila ankara, kila makadirio ya bei, hata ujumbe wa WhatsApp kwa mteja mkubwa, uandike wazi: "bila VAT" au "pamoja na VAT".

Kiwango cha asilimia 16 nacho kina mtego wake. Unanunua kwa 18 na kuuza kwa 16, kwa hiyo kwa mzigo ule ule wa Sh10 milioni uliouzwa Sh13 milioni, VAT ya mauzo ni Sh2.08 milioni na ya kulipa inashuka hadi Sh280,000. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya mnunuzi, kwa sababu ndiye anayelipa VAT. Na inataka mashine iingize kila mauzo kwenye kundi lake. Mfanyakazi anayebonyeza 18 kwa kila mtu, au 16 kwa kila mtu, anakutengenezea tofauti itakayoonekana mwisho wa mwezi kati ya risiti na pesa iliyoingia benki.

Manunuzi: hapa ndipo pesa inapovuja

Haki ya kutoa VAT uliyolipa kwenye manunuzi haiji yenyewe. Inataka karatasi sahihi. Risiti ya EFD ya msambazaji iwe na jina la biashara yako, TIN yako na VRN yako, na msambazaji mwenyewe awe amesajiliwa VAT. Risiti iliyoandikwa jina la dereva aliyetumwa kufuata mzigo, au isiyo na jina la mnunuzi kabisa, haikusaidii. Kwa hiyo anayetumwa kununua apewe kikaratasi chenye jina, TIN na VRN, na asiondoke kaunta kabla hajaisoma risiti. Kurekebisha pale pale ni dakika mbili; kurudi baada ya wiki tatu ni ugomvi.

Iangalie pia uhalali wake. Risiti ina namba ya uhakiki na alama ya QR. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti unaona kama ipo na kama kiasi ni kile kile. Kuna risiti za kughushi, na kuna watu wanaouza risiti zisizo na mzigo nyuma yake ili mnunuzi apunguze kodi. Huo si ujanja wa biashara, ni jinai, na anayezitumia hubeba mzigo hata kama aliyemuuzia ametoweka.

Waagizaji kutoka China au Dubai wana tatizo la pekee. Mzigo unaosafiri kwenye kontena la kuchangia mara nyingi hutolewa bandarini kwa jina la wakala au la mwenye kontena. VAT ya forodha imelipwa, umeichangia kwa pesa yako, lakini nyaraka zina TIN ya mtu mwingine. Huwezi kuidai. Kabla ya kufurahia unafuu wa kontena la kuchangia, hesabu na VAT utakayoipoteza. Mara nyingine kontena la bei juu lenye nyaraka kwa jina lako ndilo la bei nafuu.

Muda nao ni mfupi: madai ya VAT ya manunuzi yafanywe ndani ya miezi sita tangu tarehe ya risiti. Risiti iliyosahaulika kwenye droo ya gari tangu Februari, ikiibuka Novemba, ni karatasi tu. Na si kila kitu kinadaiwa hata ukiwa na risiti safi. Gari dogo la abiria, vipuri vyake na matengenezo yake havidaiwi. Burudani na uanachama wa klabu vivyo hivyo, isipokuwa kwa wale ambao hiyo ndiyo biashara yao. Lori la kubebea mzigo ni jambo jingine.

Umeuza kwa mkopo, kodi haikopeshwi

Wanaopewa oda na shule, hoteli au halmashauri huumia hapa. VAT haingoji ulipwe. Inahesabiwa kwenye tukio la kwanza kati ya matatu: kutoa ankara au risiti, kupokea malipo, au kukabidhi bidhaa. Ukikabidhi madawati ya Sh10 milioni na VAT ya Sh1.8 milioni tarehe 28 Machi, VAT hiyo inaingia kwenye ritani ya Machi na inalipwa ifikapo Aprili 20, hata kama mteja atalipa Julai. Kuchelewesha risiti hakusaidii, kwa sababu mzigo umeshakabidhiwa. Kinachosaidia ni kudai malipo ya awali yanayotosha angalau kufunika VAT, au kukabidhi mzigo kwa awamu, na kujua kwamba malipo ya awali yenyewe yanahesabiwa VAT mwezi yalipopokelewa.

Tangu Julai 2025 kuna na jambo la kuzuiwa VAT. Baadhi ya wanunuzi, hasa taasisi za serikali, wakikulipa hubakiza asilimia 3 ya thamani kwa bidhaa na 6 kwa huduma, na kuipeleka wenyewe TRA. Wengine wamelielewa hili kuwa kodi mpya. Ni sehemu ya VAT ile ile. Kwa bidhaa za Sh10 milioni wanazuia Sh300,000 kati ya Sh1.8 milioni, na wewe unaitoa kwenye kiasi unachodaiwa. Dai uthibitisho wa kuzuiwa kila mara. Bila huo utailipa mara mbili.

Kusamehewa na kiwango cha sifuri

Kwa mteja vyote viwili vinafanana: hatozwi VAT. Kwa muuzaji ni mbali kama Tanga na Kigoma. Bidhaa za kiwango cha sifuri, hasa zinazouzwa nje ya nchi, zinahesabiwa kuwa zinatozwa VAT, ila kwa asilimia sifuri, kwa hiyo muuzaji anadai VAT yote aliyolipa kwenye manunuzi, mradi ana nyaraka za forodha zinazoonyesha mzigo ulitoka. Bidhaa zilizosamehewa, kama mazao ya chakula yasiyosindikwa, dawa za binadamu na vitabu, hazimpi haki hiyo. VAT aliyolipa kuzipata inakuwa gharama yake.

Anayeuza aina zote mbili dukani, zinazotozwa na zilizosamehewa, hugawa VAT ya gharama za pamoja kama umeme na pango. Kama Sh6 milioni kati ya mauzo ya Sh10 milioni zinatozwa, basi kwenye Sh300,000 za VAT ya gharama hizo anadai Sh180,000. Sehemu inayotozwa ikizidi asilimia 90 anadai yote. Ikiwa chini ya 10 hadai chochote. Hesabu si ngumu. Ugumu upo kwenye mashine: bidhaa ikisajiliwa kwenye kundi lisilo lake tangu siku ya kwanza, kila risiti inarudia kosa lile lile. Ukipokea bidhaa mpya, kundi lake la kodi liamuliwe kabla haijawekwa kwenye rafu.

Tarehe 20

Ritani na malipo ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, ni siku ya kazi inayofuata. Mwezi ambao hukuuza kitu ritani inapelekwa pia, ikiwa na sifuri. Wengi waliofunga duka kwa miezi minne kwa ugonjwa au msiba wamekuta adhabu za miezi minne, kwa sababu adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi ni mwezi mzima.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, linganisha vitu vitatu: jumla ya ripoti za Z za kila siku (muhtasari wa mauzo ya siku unaotolewa na mashine ya EFD), jumla ya pesa iliyoingia benki na kwenye lipa namba, na mauzo ya kwenye ritani. Vikitofautiana, tafuta sababu sasa. Huenda ni mkopo wa ndugu uliopitia akaunti ya biashara, huenda ni siku mbili ambazo mashine haikufanya kazi, huenda ni bidhaa iliyorudishwa. Iandike sababu hiyo na uihifadhi pamoja na ushahidi. Mkaguzi ataikuta tofauti ile ile baada ya miaka mitatu, wakati wewe umeshasahau.

Fungua akaunti ya pili, hata ya simu, na kila jioni au kila Jumamosi uhamishie humo VAT ya mauzo ya siku hizo. Biashara nyingi zinazodaiwa VAT hazikukataa kulipa. Zilinunulia mzigo pesa hiyo zikitarajia kuirudisha kabla ya tarehe 20, na mzigo haukutoka.

Mauzo yakishuka chini ya kizingiti, usajili haufutiki wenyewe. Omba kuondolewa, na endelea kupeleka ritani mpaka upate jibu kwa maandishi. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Karatasi ya EFD hufifia kwa joto, na ikikaa kwenye bati au dirishani, baada ya miezi michache inabaki nyeupe. Ipige picha au itoe nakala siku ile ile uliyoipokea, uiweke kwenye faili la mwezi wake, na ile ya asili uibane nyuma ya nakala.